Punje Moja ya Jana
Somo juu ya usafi na mpangilio kwenye stesheni ya kuosha kahawa



Katika masomo mengi tunaongea juu ya shamba: kupogoa, kufunika udongo kwa majani, kuvuna serizi nyekundu peke yake. Leo tunatoka shambani na kuingia stesheni, fasi serizi zinapomenywa, zinapochacha, zinapooshwa na kukauka. Kazi ya mwaka mzima ya mlimaji inaweza kupotea pale kwa usiku mmoja, na mlimaji mwenyewe akiwa amelala kwake bila kujua kitu.

Tunaomba somo hili lisomwe kwa sauti, mukiwa pamoja, na kama inawezekana mulisome mukiwa stesheni. Kuna mafasi tutawaomba musimame, muende kuangalia, kisha murudi.

YALIYOTOKEA

Tunaanza na jambo tuliloliona wenyewe kwenye koperative moja ya milima ya kando ya Ziwa Kivu. Hatutaji jina lake, kwa sababu lingeweza kutokea kwa koperative yoyote.

Msimu ule walitayarisha kahawa yao vizuri. Kila mzigo wa kahawa parshe, yaani kahawa iliyokauka na ngozi yake ngumu, walitoa sampuli na kuituma mjini ionjwe. Mzigo wa 7 ukarudi na habari mbaya. Katika vikombe 5 vya sampuli, 2 vilinuka kama kitu kilichooza. Mnunuzi akasema hawezi kuulipa bei ya kahawa nzuri, ataulipa bei ya kahawa ya kawaida. Malipo ya pili ambayo memba walikuwa wanangojea kwa mzigo ule hayakupatikana. Wengi walikuwa wameyapangia minervali ya watoto wa sekondari.

Siku ya mkutano kulikuwa na maneno makali. Watu wa chini walisema: « Ni wale wa juu mlimani, wanaleta serizi za jana. » Watu wa juu walisema ni wamama wanaochagua, hawaangalii vizuri. Mwingine akasema sentinele alilala, mvua ikanyeshea meza. Kila mtu alikuwa na mtu wa kunyooshea kidole, na hakuna aliyekuwa na alama ya kuonyesha.

Ni mama sekretere aliyetuokoa. Tangu katikati ya msimu alikuwa anaandika, kwa akili yake mwenyewe, ndani ya kaye ya watoto, kahawa ya kila siku iliingia tanki gani. Zilikuwa kurasa 3 tu. Tukazisoma pamoja. Mzigo wa 6 ulipita tanki ya 1 peke yake, na ulionjwa ukakutwa safi. Mzigo wa 7 ulikuwa na kahawa ya siku moja iliyopita tanki ya 2. Kisha tukaangalia karatasi ya mzigo wa 5, ambao hakuna aliyekuwa na wasiwasi nao. Muonjaji alikuwa ameandika kwamba kikombe 1 kina harufu kidogo. Mzigo wa 5 nao ulipita tanki ya 2.

Kaye ile ilionyesha jambo lingine. Serizi za watu wa juu ziliingia pia ndani ya mzigo wa 6, ule uliokuwa safi. Wamama waliochagua walikuwa ni walewale kwa mizigo yote. Kwa hiyo kosa halikuwa lao.

Asubui yake, mbele ya maji kufunguliwa, tuliingia ndani ya tanki ya 2. Kwa macho ilikuwa safi. Lakini kwenye kona, chini, karibu na tundu la kutolea maji, simenti ilikuwa imepasuka. Ufa wenyewe unaingia kidole. Tulichokoa na kijiti, zikatoka punje nyeusi, laini, zenye harufu ya kukimbiza mtu. Zilijaa kiganja. Kila mara kahawa mpya ilipoingia, punje za zamani zilichanganyika nayo, na punje mpya zikaingia ufani kuchukua fasi yao.

Tuliuliza nani anasafisha tanki. Wamama wawili wakajibu bila kujificha: « Ni sisi. Lakini tunaoshaka usiku, kisha mashini kuzima, na tochi ya telefone. Saa ile tumechoka, na feza ya siku imekwisha kuhesabiwa. Nani angeona mule ndani? »

Na sisi wataalamu tunapaswa kukubali sehemu yetu. Wiki chache mbele ya pale tulikuwa tumetembelea stesheni ileile. Tulikuta pamefagiliwa, vitambaa vimeanikwa, tukaandika ndani ya ripoti: « Safi. » Hatukuingia ndani ya tanki. Tuliangalia usafi wa wageni, hatukuangalia usafi wa kahawa.

JUU YA NINI PUNJE MOJA INATOSHA

Mtu anaweza kuuliza: kiganja kimoja ndani ya kilo mamia, ni kitu gani? Tupige hesabu.

Serizi ikimenywa, punje inabaki na ute wenye sukari. Vijidudu vidogo sana, vile macho hayavioni, vinakula sukari ile, na ute unalegea. Ndiyo kuchacha. Kazi ile ni nzuri kama inasimamishwa kwa wakati wake. Kulingana na baridi ya pahali, inaweza kuchukua saa 12 ao ikafika saa 36. Lakini punje iliyobaki ndani ya ufa ao ndani ya mashini haina wa kuisimamisha. Inaendelea siku 2, siku 5, wiki nzima. Sukari ikiisha, vijidudu vinashambulia punje yenyewe, na harufu ya kuoza inaingia ndani. Kuiosha tena, kuikausha ao kuikaanga hakutoi harufu ile.

Sasa angalia kikombe cha muonjaji. Kwa desturi inayofuatwa duniani kwa kahawa ya hali ya juu, kikombe kimoja kinatiwa gramu 8.25 za kahawa iliyokaangwa kwa maji mililita 150, na kila sampuli ina vikombe 5. Gramu 8.25 ni kama punje 60 ao 70 tu. Punje moja iliyooza ikiingia pale, kikombe chote kinanuka. Na mwenye kuonja akikuta kikombe kimoja kinanuka ndani ya vitano, hawezi kusema ni bahati mbaya. Anauliza vingine vilivyo ndani ya magunia vikoje.

Tena, kwa desturi ileile, sampuli ya gramu 350 ya kahawa ya kijani haikubaliwi kuwa na hata punje moja yenye kosa kubwa, kama vile punje nyeusi kabisa ao punje iliyochachuka kabisa, na kikombe kinapaswa kupata angalau alama 80 kwa 100. Kufika pale kunahitaji udongo mzuri, urefu wa mlima na mkono wa mlimaji. Kupoteza alama zile kunahitaji ufa mmoja wa kidole.

HATUA TANO ZA MPANGILIO

Kwenye viwanda vya Japani watu walitengeneza njia ya kupanga fasi ya kazi kwa hatua tano. Leo njia ile inatumiwa hata kwenye hospitali na ndani ya laboratware. Haihitaji mashini ya bei. Tunaifuata hapa kwa maneno yetu: chagua, panga, safisha, weka kanuni, shikilia.

Hatua ya 1: Chagua

Mbele ya kusafisha, toa kile ambacho si cha kazi. Tembeeni stesheni yote na gunia moja tupu. Mbao zilizooza, ndoo iliyotoboka, magunia ya zamani yenye punje za mwaka uliopita, pikipiki ya mtu, bidoni ya mafuta, kuku, viatu. Kitu cha kazi kinabaki. Kitu kinachoweza kutengenezwa kinapelekwa kwa fundi na tarehe inaandikwa. Kilichobaki kinatoka.

Usafi wa stesheni iliyojaa vitu ni kazi ngumu, kwa sababu nyuma ya kila kitu kuna kona, na ndani ya kila kona kuna punje.

Hatua ya 2: Panga

Kila kitu kiwe na fasi yake, na fasi ile ijulikane na mtu yeyote, hata kijana aliyeanza kazi leo. Chora ukutani kwa rangi umbo la brosi, la sepeto, la ufagio, na weka musumari pale. Jioni ukiona umbo bila brosi, unajua brosi imepotea leo. Usingoje kuitafuta wiki ijayo.

Zaidi sana, tenganisheni vyombo. Tunashauri alama tatu za rangi:

– alama nyekundu: ndoo na beseni za serizi zinazoingia;
– alama nyeupe: vyombo vya kahawa iliyooshwa na parshe;
– alama nyeusi: vyombo vya kusafishia peke yake.

Beseni yenye alama nyeupe haifuliwi nguo, haiogeshwi mtoto, haibebi sombe. Si kwa dharau ya nguo ao ya mtoto. Ni kwa sababu kahawa inakamata harufu ya kitu chochote kilicho karibu nayo. Tumeona ndoo iliyobeba mafuta ya mashini asubui, ikabeba kahawa mchana.

Tanki nazo zipewe namba: 1, 2, 3, kwa rangi, ukutani, namba kubwa. Meza za kuanikia vilevile. Stesheni ambayo tanki zake hazina namba haiwezi kujua kosa lilitoka wapi.

Hatua ya 3: Safisha

Hapa ndipo tunakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi wanadhani wanajua.

Mashini ya kumenya, ile wengi wetu tunaita depulpezi. Kila siku ya kazi, kisha serizi ya mwisho kupita, acha maji yapite mpaka yatoke meupe. Kisha zima moteri na utoe mukanda. Kama ni ya mkono, funga mukono usizunguke. Hapana mtu kuingiza vidole mashini ikiwa inaweza kuzunguka. Fungua kifuniko. Toa punje na maganda yaliyobaki kwenye ngoma, chini ya ngoma na kwenye njia ya kutokea. Tumia brosi na kijiti cha mwanzi, usitumie kisu, kitaharibu meno ya ngoma. Kazi ikiwa nyingi na mashini ikizima usiku, haya yote yafanywe usiku uleule chini ya taa nzuri, na asubui mtu aangalie tena kwa mwanga wa jua mbele ya serizi mpya.

Tanki. Tanki inasafishwa saa inapobaki tupu, yaani kahawa ikitoka kuoshwa, na si saa kahawa mpya iko mlangoni. Mara nyingi ile ni saa ya mchana, na kuna mwanga. Anza juu ya ukuta ushuke chini: brosi na maji safi. Kisha kona nne. Kisha tundu la kutolea maji na wavu wake. Mwisho pitisha mkono wote, polepole, kwenye kuta na chini. Macho yanadanganya penye maji na kivuli, mkono unasikia punje na unasikia ufa. Maji safi na brosi vinatosha kwa kila siku. Hapana kutumia sabuni ya harufu, wala petroli.

Ukikuta ufa, tanki ile haiingizwi kahawa mpaka itengenezwe. Chokoa ufa mpaka uwe safi na mukavu, ujaze simenti, ulainishe vizuri. Fundi akiwa pale, mwambieni aviringishe na kona zote, zisiwe kali. Kona ya mviringo haifichi punje.

Mifereji ya kuoshea. Angalia chini ya mbao za kuzuilia maji na mwisho wa mfereji. Punje zinapenda kulala pale.

Meza za kuanikia. Mbele ya mzigo mpya kupanda, pigapiga wavu kutoka chini na upitishe brosi. Punje ya mzigo wa zamani iliyonasa ndani ya wavu imenyeshewa na kukauka mara nyingi, na inaweza kuwa na ukungu. Shona wavu uliopasuka. Shitingi za kufunikia zikunjwe zikiwa kavu, na ziwe na fasi yake juu ya ubao, si kwenye matope.

Maganda na maji machafu. Maganda yaende shimoni siku ileile, mbali na mto na mbali na meza, kisha yakiwa mboji yarudi shambani. Maji ya kuoshea yaende kwenye mashimo yake. Jirani wa chini ya mlima anakunywa maji ya mto ule.

Hatua ya 4: Weka kanuni

Kazi iliyosemwa kwa mdomo inasahaulika. Andikeni karatasi moja, kwa herufi kubwa, na ibandikwe ukutani karibu na mashini. Hii ni mfano, mubadilishe saa kufuatana na stesheni yenu:

– Saa 12 ya asubui: mtu wa zamu anaangalia mashini na tanki tupu, anatia sahihi.
– Kisha kahawa kutoka tanki: tanki inaoshwa na kupitishwa mkono, mwanga ukiwepo.
– Saa 8 ya mchana: meza zote zinaangaliwa, shitingi ziko karibu juu ya mvua.
– Saa 10 ya mchana: kupokea serizi kunafungwa, ili mashini isifike usiku wa manane. Serizi iliyovunwa leo inamenywa leo.
– Kisha serizi ya mwisho: mashini inafunguliwa na kusafishwa, vyombo vinarudi kwenye maumbo yake ukutani.
– Mbele ya kwenda: kaye inajazwa.

Kanuni moja tunaiweka juu ya zingine zote: aliyesafisha si yeye anayekagua. Si kwamba hatumwamini. Mtu aliyesugua saa nzima anaona alichosugua. Mwingine ndiye anaona kilichobaki.

Hatua ya 5: Shikilia

Stesheni nyingi zinafanya hatua nne kwa wiki mbili. Kisha wingi wa serizi unaongezeka, watu wanachoka, na karatasi inabaki ukutani peke yake. Juu ya nini? Tunarudi kwa jibu la wale wamama wawili.

Usafi pale haukuwa na saa yake. Ulikuwa ni kitu cha kufanya kisha kazi, na walioufanya walikuwa wanatoa jasho bila kuhesabiwa. Koperative ililipa aliyepima, aliyezungusha mashini na aliyechunga usiku. Aliyeshika brosi alichukuliwa kama anayesaidia. Kama ni hivyo, tusishangae brosi ikipita juujuu.

Kwa hiyo memba wale waliamua mambo matatu katika mkutano wao. La kwanza, saa moja ya kusafisha iingie ndani ya siku ya kazi na ilipwe kama saa zingine. La pili, zamu izunguke kati ya wanaume na wanawake, mkubwa wa stesheni naye akiwemo. La tatu, walinunua taa moja ya jua na kuitundika juu ya mashini. Mizigo iliyofuata haikurudishwa tena kwa sababu ya harufu ile.

Memba mwingine atasema saa ile ya kulipwa ni gharama. Ni kweli. Wekeni gharama ile upande mmoja, na upande mwingine wekeni malipo ya pili ya mzigo mmoja uliokataliwa. Fanyeni hesabu hiyo kwa feza zenu wenyewe, mbele ya watu wote.

KAYE NI SHAHIDI

Kaye ya stesheni isiwe ngumu. Kwa kila siku, mstari mmoja: tarehe, kilo za serizi zilizopokelewa na zilitoka upande gani, tanki ya namba gani, saa ya kuingia na saa ya kutoka, meza ya namba gani, namba ya mzigo, na jina la aliyekagua usafi. Kwenye meza, kibao kidogo kinabeba namba ileile. Kwenye gunia, vilevile.

Kaye inasaidia pia kujua kama kitu kinapotea. Kwa hesabu ya kawaida, kilo 5 za serizi, kidogo zaidi ao kidogo kupungua, zinatoa kilo 1 ya parshe kavu. Mkiona mnatumia kilo 7 ao 8, kuna kitu: mizani, ukavu, ao mlango wa depo.

Lakini musiifanye kaye kuwa fimbo. Siku mtu atakapoadhibiwa kwa kuandika « nimekuta punje ndani ya tanki », tangu siku ile kila mtu ataandika « safi ». Aliyekuta kosa na kuliandika ameokoa mzigo. Mshukuruni mbele ya wenzake.

DEPO NA CHUMBA CHA KUONJEA

Kahawa parshe inaingia depo ikiwa na unyevu wa asilimia 10 mpaka 12. Ikiwa zaidi, inaota ukungu. Magunia yalale juu ya paleti ao mbao, si chini, na yawe mbali kidogo na ukuta, mtu aweze kupita na ufagio. Dawa za shamba, mbolea, petroli, sabuni, vitunguu, samaki: hakuna hata kimoja kinacholala na kahawa. Dawa za shamba zina fasi yake, yenye kufuli, mbali na chakula na watoto.

Koperative zenye chumba kidogo cha kuonjea zikumbuke kwamba chumba kile ni laboratware, hata kama kina meza moja. Kila sampuli na namba yake tangu inapotoka gunia. Mashini ya kusagia ipitishwe kwanza punje chache za sampuli inayofuata, zitupwe, ndipo isagwe sampuli yenyewe. Bila hivyo unga wa kahawa ya kwanza unaingia ndani ya kikombe cha pili, na muonjaji anahukumu mlimaji asiye na kosa. Kijiko kinasuuzwa kwa kila kikombe. Vikombe vinaoshwa na kusuuzwa mpaka harufu ya sabuni iishe. Na siku ya kuonja, hapana marashi, hapana sigara mule ndani.

KILE USAFI HAUWEZI

Tuseme ukweli wote. Kuna harufu moja inayojulikana sana kwetu Kivu, na kwa majirani wa Rwanda na Burundi: kikombe kinatoa harufu ya kiazi kibichi. Hiyo haitoki kwenye ufa wa tanki. Inahusiana na kimdudu kinachotoboa tunda likiwa mtini, kile wataalamu wanaita antestia. Dawa yake inaanzia shambani: kupogoa, kuvuna matunda yote kwa wakati, kutoacha matunda ya zamani mtini. Stesheni inasaidia kwa kuelesha serizi ndani ya maji na kutupa zinazoelea, kisha kuchagua kwa mkono punje zenye alama. Kwa hiyo siku kikombe kitanuka kiazi, musimlaumu aliyeosha tanki. Kila kosa lina nyumba yake, na mpangilio mzuri unasaidia kujua nyumba hiyo ni ipi.

MASWALI YA KUONGEA PAMOJA

1. Kwenye stesheni yetu, nani anasafisha tanki, saa ngapi, na analipwa namna gani?
2. Leo tukiambiwa mzigo wetu wa mwisho unanuka, tunaweza kujua ulipita tanki gani?
3. Ni chombo gani kwetu kinafanya kazi mbili ambazo hazipatani?
4. Mara ya mwisho tulipogombana juu ya kahawa iliyokataliwa, tulikuwa na alama gani mkononi?

KAZI YA WIKI HII

Chagueni watu watatu: mmoja wa kamati, mmoja wa wamama wanaochagua, na kijana mmoja. Waingie ndani ya kila tanki ikiwa tupu, kwa mwanga wa mchana, wakiwa na kijiti na sahani nyeupe. Kila punje watakayochokoa, kwenye kona, kwenye tundu, chini ya mashini, waiweke juu ya sahani ile. Kisha sahani ipite kwa memba wote, kila mtu anuse mwenyewe. Mukimaliza, muamue saa ya usafi, zamu yake na malipo yake, na muandike ndani ya kaye siku ileile.

Sisi tukija kuwatembelea tena, hatutaanza ofisini. Tutaomba kaye na kijiti, na tutaingia ndani ya tanki pamoja na ninyi.

Kazi njema, wandugu.